Ndoo Mbili za Uji, Moja ya Maji

Pombe inayonywewa Jumapili mchana pale Nangara, mjini Babati, huanza Jumanne ya wiki iliyotangulia, ulezi unapomwagwa kwenye ndoo na kufunikwa kwa maji. Ni siku kumi na mbili, na kati ya hizo jiko huwashwa mara mbili tu. Zilizobaki ni za kuangalia, kugeuza, kunusa na kuacha. Wengi wanaojisifu kwamba wanajua kupika pombe ya kienyeji wamejifunza zile siku mbili za moto.

Mama niliyekwenda kumtazama alianza kwa kumsaidia bibi yake huko Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kisha akaolewa mjini akaja na kazi yake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akanisogezea kigoda karibu na mlango wa jiko. "Kaa hapo mwanangu, utaona vizuri. Ila usiniulize kitu nikiwa nahesabu ndoo." Sikuelewa wakati ule kwa nini ndoo zilihitaji ukimya.

Ulezi haununui kwa macho. Sokoni huomba konzi moja tu, akaenda nayo nyumbani, akaifunga kwenye kitambaa kibichi na kuiweka pembeni siku mbili. Akifungua akakuta punje nyingi zimechomoza, hurudi kuchukua debe. Zikiwa zimelala, muuzaji atafute mteja wa uji. Kwa mpika uji ulezi uliokaa ghalani miaka mitatu hauna kasoro yoyote, lakini kwa mpika pombe umekufa, maana anachotafuta yeye ni uhai uliomo ndani ya punje.

Kabla ya kuloweka anaosha. Ulezi una mchanga, na punje yake ni ndogo kiasi kwamba kuchagua mawe kwa vidole ni kupoteza siku. Kwa hiyo anaweka kidogo kidogo kwenye beseni lenye maji, analizungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizoa kinachoelea na kukihamishia kwenye ndoo. Mapepe yanayobaki juu kabisa anayamwaga. Mchanga unabaki chini, mstari mwembamba wa kijivu, na mkono wake unaishia kabla ya kuufikia. Anarudia mpaka debe liishe. Kisha maji ya kuloweka, yanayobadilishwa asubuhi na jioni ili mbegu zisikose hewa zikaoza kabla ya kuota.

Jumatano jioni maji yanachujwa na ulezi unatandazwa juu ya kiroba sakafuni, ndani ya chumba kisichopigwa na upepo, ukafunikwa kwa majani ya mgomba na kiroba kingine juu yake. Mbegu inayoota hutoa joto lake yenyewe. Ukiingiza mkono chini ya majani siku ya pili unakuta vuguvugu, na harufu mbichi inayokaribia ya tango. Mama huingiza mkono mara kadhaa kwa siku. Katikati pakiwa pamepata joto kuliko kandoni, analifumua rundo lote, anatenganisha madonge yaliyofungamana kwa vimizizi, ananyunyizia maji kwa vidole, anatandaza upya. Hana haraka hata kidogo katika hili. Donge moja lililoachwa bila kufumuliwa huoza katikati, na uozo wake hutembea.

Swali kubwa la kimea ni lini usimame. Ndani ya punje kuna wanga, akiba uliyowekewa mche mchanga. Mbegu inapoamka hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuukata wanga huo vipande vidogo viwe sukari ya kulisha chipukizi. Mpika pombe anataka vimeng'enya vitengenezwe kwa wingi, lakini hataki chipukizi lile akiba. Ukisimamisha mapema, kimea ni dhaifu. Ukichelewa, ncha zinageuka kijani na sukari uliyoitaka imekwisha kuwa majani. Mama anatazama vimizizi vyeupe. Vikifika urefu wa kucha ya kidole kidogo, na bado hakuna kijani popote, anaita watoto wabebe kiroba nje. Mara nyingi inakuwa Jumamosi. Juni na Julai, Babati inapoingia baridi na mlima Kwaraa unashinda umevaa ukungu, inaweza kuwa Jumapili au hata Jumatatu, na ratiba nzima inasogea nayo.

Kukausha ni juani, juu ya turubai, tabaka jembamba, kugeuza kwa mkono, kuingiza ndani kabla ya umande. Siku tatu. Hapo ndipo nilipomwona mkali. Pembe moja ya turubai ilikuwa imeloa usiku, na punje zake zilikuwa na utando wa kijivu ambao mimi nisingeuona. Alizikusanya kwenye ungo, akazipeleka shimoni akazifukia, wala kuku hawakupewa. Mwaka 2016 sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo maneno ambayo zamani yalikuwa ya maofisa wa kilimo yamekuwa ya kila jiko. Bibi yake pia alikuwa akitupa kimea chenye ukungu, ila yeye alisema kinaharibu ladha.

Ulezi ukipanda bei anatumia mtama mwekundu, na hapo kazi inaongezeka. Chipukizi na vimizizi vya mtama vina kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Wafugaji wa huku wanaijua hiyo kwa njia ya ng'ombe, ndiyo maana hawawaachii waingie kwenye shamba la mtama mchanga. Kimea cha mtama kikikauka lazima kifikichwe kati ya viganja mpaka vimizizi vyote vikatike, kisha kipepetwe mpaka ungo ubaki na punje tupu. Ulezi nao anaufikicha hivyo hivyo, ingawa hauna sumu hiyo, kwa sababu vimizizi vina uchungu.

Jumatano ya pili kimea kinakwenda mashineni. Kijana wa mashine anamjua. Humwambia alegeze, kimea kitoke chenga chenga na kisiwe unga laini, kwa kuwa unga laini utaziba gunia siku ya kuchuja. Hilo ni jambo la Jumapili analolitengeneza Jumatano.

Niseme kidogo kuhusu wenzake wa mbali, maana nimewahi kuwaona nao wakifanya kazi. Huko Marekani kupika bia nyumbani kulikuwa kosa la sheria ya nchi hata baada ya marufuku ya vileo kuondolewa mwaka 1933, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Sasa kuna watu wengi wanaopika jikoni kwao, na kipimo chao cha kawaida ni galoni tano, kama lita 19, yaani karibu ndoo yetu ya lita 20. Anayeanza hununua kimea kilichokwisha kukamuliwa kiwandani na kupunguzwa maji mpaka kikawa sharubati nzito ndani ya kopo. Anaiyeyusha kwenye maji, anachemsha na hopsi zinazotia uchungu na kuzuia bia isiharibike, anapoza, anatia hamira, anangoja. Akikomaa kidogo anataka kushika nafaka kwa mkono wake. Basi huloweka mfuko mdogo wa shayiri iliyooteshwa na kusagwa katika maji ya moto kwa saa moja hivi, kisha anaongezea ile sharubati ya kopo. Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ile wasiyoipa ukali wala uchungu mwingi, ndiyo wanayopenda kujifunzia. Naiheshimu hatua hiyo. Mtu aliyekuwa akinunua utamu tayari ameamua kuutengeneza mwenyewe, walau nusu. Lakini akikosea joto la nafaka, kopo litamwokoa. Huku Nangara hakuna kopo.

Mchana wa Jumatano hiyo ya pili moto unawashwa kati ya mafiga matatu makubwa, na nusu pipa inabandikwa. Unga wa uji ni wa dona. Anaukoroga kwanza kwa maji baridi kwenye beseni, mpaka hakuna donge, ndipo anaumimina kwenye maji yanayochemka huku binti yake akikoroga kwa mwiko mrefu unaofika chini kabisa ya pipa. Uji ukishika chini utaungua, na harufu ya kuungua haitoki tena, itafika mpaka kwenye kata ya mnywaji. Wanapokezana mwiko bila kuambizana. Mmoja anaposogea, mwingine amekwisha kushika.

Kwa nini uji uchemke kwanza? Shayiri ya Ulaya haihitaji hivyo, maana wanga wake hulainika katika joto lile lile ambalo vimeng'enya hupenda kufanyia kazi. Wanga wa mahindi na wa mtama ni mgumu zaidi, hutaka moto mkubwa ndipo ufunguke. Moto huo huo huua vimeng'enya. Kwa hiyo mpika pombe wa Afrika ana tatizo ambalo mpika bia wa shayiri hana, na jibu lake ni kugawa kazi katika sehemu mbili. Chemsha unga bila kimea mpaka uive, halafu teremsha joto, halafu ndipo ulete kimea. Swali ni kuteremsha mpaka wapi.

Sasa nikaelewa habari ya ndoo. Uji ulipoiva, mzito, ukitoa mapovu makubwa yanayopasuka kwa mlio, Mama alisogeza pipa la plastiki, akachukua ndoo yake nyeusi na kuanza kuhamisha. Ndoo mbili za uji kutoka motoni. Ndoo moja ya maji kutoka kwenye mtungi wa kivulini. Akakoroga. Ndoo mbili za uji, ndoo moja ya maji. Midomo yake ilikuwa ikihesabu na hakuna aliyemsemesha. Babati iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama 95 hivi. Uji ukishainuliwa motoni na kubebwa, tuseme 90. Maji ya mtungi ni kama 20. Piga hesabu, mbili kwa moja, unapata karibu nyuzi 66 au 67, na pipa lenyewe linakula kidogo. Vitabu vya wapika bia huandika kwamba vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, na vikifika 80 vimekwisha. Hesabu hii haijaandikwa popote katika nyumba ile. Aliipokea ikiwa ndoo, mbili kwa moja.

Hata hivyo haiamini peke yake, na hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Siku ya jua mtungi hupata joto, siku ya baridi pipa huiba zaidi. Kwa hiyo baada ya kukoroga huchovya kidole cha shahada. Kiingie na kutoka bila kuungua, lakini kisiweze kukaa. Kikiweza kukaa, uji umepoa mno, na huongeza bakuli la moto. Safari hii alichovya, akasubiri, akachovya tena, akamwaga kata moja ya maji, moja tu, akachovya mara ya tatu. Ndipo akasema, "Leteni kimea."

Robo ya kimea kwa debe la unga, lakini si chote. Nusu ya kimea ilibaki kwenye mfuko. Ile nusu nyingine aliinyunyiza juu ya uji kwa mkono huku mwiko ukizunguka polepole, akafunika pipa kwa kiroba na blanketi kuukuu.

Alipofunua baada ya muda mfupi, mwiko uliokuwa ukisimama wenyewe ulianguka kando. Uji mzito ulikuwa umegeuka maji maji. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni wanga tu uliokuwa ukikatwa, nyuzi ndefu zikawa fupi. Mama alichota kidogo kwa kata akanipa. Wakati wa kumwaga kimea ulikuwa uji wa mahindi usio na ladha, sasa ulikuwa mtamu, utamu wa muwa uliokomaa. Watoto walikuwa wamekwisha kujipanga na vikombe, kwani hatua hii ni haki yao na haina kilevi. Baada ya vikombe vyao, kiroba kilirudishwa.

Usiku huo pombe inaachwa ichachuke, kuchachuka kwa uchachu wa maziwa ya mgando, si kwa kilevi. Mpika bia wa Ulaya angeona balaa. Louis Pasteur alichapisha kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876, akionyesha kwamba inayoharibika huharibiwa na viumbe wadogo wasioonekana, na tangu hapo viwanda vimejengwa ili kuwafungia nje. Mama anawakaribisha bakteria hao, anawapa usiku mmoja, na Alhamisi mchana anawachemsha. Uchachu wanaouacha unabaki, nao hulinda pombe isiingiliwe na wabaya zaidi, kazi ambayo hopsi hufanya kwenye bia ya chupa. Namna alivyoonja asubuhi ile, kwa ncha ya ulimi, mara mbili, ilionyesha kwamba usiku huo mmoja nao una mpaka wake.

Kuchemsha mara ya pili ni kurefu. Kuni zinasukumwa kidogo kidogo, povu linaenguliwa, rangi inatoka kwenye weupe kwenda kwenye udongo. Si mengi ya kusimulia hapa. Binti alisuka nywele za mdogo wake akiwa ameshika mwiko katikati ya magoti.

Ijumaa asubuhi pipa limepoa kiasi cha joto la mwili. Hapo nusu ya pili ya kimea inaingia, mbichi, bila kupikwa. Imehifadhiwa kwa sababu hiyo. Vimeng'enya vyake vitaendelea kukata wanga uliosalia, na juu ya maganda yake kuna chachu ya asili. Anaongeza na jagi la mashapo aliyoyabakiza kutoka pombe iliyopita, maana chachu iliyokwisha kuzoea pipa lake huanza kazi mapema. Pipa halioshwi kwa sabuni. Linasuguliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, halafu basi.

Jioni ukiweka sikio kwenye pipa unasikia. Ni mchemko mdogo usio na moto, wa mfululizo. Jumamosi unakuwa mkubwa, tabaka la maganda linapanda juu na kupasuka katikati, likitoa harufu ya mkate na matunda yaliyoiva. Mama analisukuma chini kwa mwiko, anafunika. Mteja mmoja alipita akiuliza kama ingepatikana walau ya kuonja. Aliambiwa kesho. Akasema atalipa mara mbili. Aliambiwa kesho.

Kwa Wairaqw vikao vya wazee vya zamani vilikuwa na pombe yake, na mzee alitamka slufay, dua ndefu ya baraka, wengine wakiitikia. Bibi yake Mama alipikia vikao hivyo. Kikao kilipangiwa siku, kwa hiyo pombe ilipaswa kufika siku hiyo ikiwa imekaa sawa, isiwe changa wala isiwe imepita. Leo wateja wengi ni waendesha bodaboda, mafundi ujenzi na wazee wa mtaa, na juu ya mlango kuna leseni ndani ya mfuko wa plastiki, kwani Sheria ya Vileo ya 1968 inaitaka kwa anayeuza pombe ya kienyeji. Hesabu ya siku haijabadilika.

Jumapili wanachuja. Gunia safi linashikwa midomo na watu wawili juu ya ndoo, Mama anamimina kwa bakuli, kisha gunia linafungwa na kukamuliwa kuanzia juu kwenda chini, mkono baada ya mkono, mpaka linabaki bonge zito. Zile chenga za mashineni zinafanya kazi yake sasa, pombe inapita na maganda yanabaki. Machicha yana mwenyewe tayari, jirani mwenye nguruwe wawili, aliyefika na ndoo kabla hata ya wanywaji.

Inayotoka ni nzito kidogo, rangi ya udongo mwepesi, ingali hai na inatoa mapovu kwenye kata. Kilevi chake ni kidogo kuliko cha bia ya chupa, na kesho jioni itakuwa chachu mno kwa wengi. Mama alikunywa kata ya kwanza mbele ya watu, kama inavyotakiwa, ili waone haina kitu. Ya pili alimpa mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu wengine wakiwa bado kanisani. Alikunywa nusu, akatulia, akafuta masharubu. Akasema ni nzuri, lakini ingeachwa mpaka jioni ingekuwa imekaa zaidi.

"Basi ngoja jioni, babu," Mama akamwambia. "Itakuwepo."

Mzee aliitazama kata, akamaliza nusu iliyobaki, akainyoosha iongezwe.